Muziki wa skuli za misheni Unguja (Kiungani, Mbweni, Mkunazini): uliishia wapi?

#1 Mwana wa Vuga
Assalaam alaykum wana barza. Taarab tumeizungumza mpaka basi, leo naleta la jirani yake. Skuli za misheni zilikuwa zikiwafundisha watoto wa Unguja kusoma muziki ulioandikwa, tena watoto wa madarasa ya chini kabisa. UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika 1864 na Askofu Tozer. Mwaka huo huo Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na hao ndio wanafunzi wao wa mwanzo. Baadaye zikaja Kiungani kwa wavulana na Mbweni kwa wasichana. Kanisa la Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, na ibada ya mwanzo ikasaliwa humo Krismasi ya 1877, paa halijamalizika.

Hiyo ni karibu karne nzima ya watoto kuimba kwa sauti nne. Dai langu ni hili: muziki ule ulikufa 1964 skuli zilipochukuliwa na serikali, na mjini haukuacha kitu. Anayebisha na aje na hoja.

#2 Shangani Kwetu
Waalaykum salaam. Kabla hatujafika 1964, mwanzo wenyewe umeukata. Wakatoliki walitangulia. Padri Fava alifika Unguja kutoka Réunion mwezi wa Disemba 1860, na misheni yake ikawa na hospitali, karakana na skuli ya watoto. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo 1863, na 1868 wakafungua Bagamoyo. Sasa ukitaka muziki wa ala, na si wa kuimba tu, huko ndiko pa kutazama. UMCA walikuwa watu wa koo, Wafaransa walikuwa watu wa shaba.

#3 Bi Hidaya wa Mbweni
Mwana wa Vuga, mwaka umeukosea. Kama unazungumzia Kiungani, basi tarehe ya kifo ni 1925. Kiungani haikuwa skuli ya watoto peke yake. Ilikuwa na watoto wadogo chini na chuo cha walimu juu, vyote uwanja mmoja. Mwaka 1925 chuo kikahamishiwa Minaki, bara, karibu na Kisarawe, na jina lake la Mtakatifu Andrea likaenda nacho. Waliobaki Unguja ni watoto bila wale wakubwa.

Fikiri maana yake kwa kwaya. Sauti ya tatu na ya nne zinaimbwa na vijana waliokwisha kuvunja sauti, wa miaka 16 kwenda juu. Ukiwaondoa hao umebaki na sauti za juu mbili tu, na kila nyimbo ya sauti nne inakuwa kama nyumba isiyo na nguzo. Tena waliohama ndio walimu watarajiwa. Mtu aliyekuwa asubuhi akifundishwa na jioni akiwafundisha wadogo, hayupo tena. 1964 ilikuta maiti.

#4 Mwana wa Vuga
Ahsante Bi Hidaya, hoja nzito. Lakini Mkunazini kwaya iliendelea baada ya 1925, tena na watoto ndani yake. Maiti haiimbi.

#5 Kijana wa Kikwajuni
Wakubwa, mnasema "kusoma muziki ulioandikwa". Yaani ile mistari mitano na vidoto vyake? Mtoto wa darasa la pili anaiweza?

#6 Ticha Solfa
Kijana, si mistari mitano. Ni solfa ya herufi. Mwingereza Sarah Glover ndiye aliyeibuni, John Curwen akaitengeneza na kuisambaza katika karne ya 19, na skuli za misheni zikaipenda kwa sababu mbili. Kwanza mtoto anayejua herufi saba anaweza kuisoma. Pili, unaipiga chapa kwa herufi za kawaida: haihitaji herufi maalumu za risasi wala mchoraji. Kwa misheni yenye kiwanda chake cha chapa kama ile ya Unguja, hilo si jambo dogo.

Namna yake ni hivi. Noti ni d r m f s l t, unasoma do re mi fa so la ti. Ya juu inawekewa kijistari kidogo juu ya bega lake, ya chini inawekewa chini. Mstari wa kusimama unaonyesha pigo zito, nukta mbili zinaonyesha pigo jepesi, kistari cha kulala maana yake endelea kushikilia. Kwa hiyo:

Doh = G
| d :r | m :d | s :m | r :— |

Hayo ni mapigo manane, na la mwisho ni noti ya nyuma inayoendelea kushikiliwa. Nukta moja katikati ya pigo inaligawa nusu kwa nusu.

Kupata sauti ya kuanzia: mwalimu anakuwa na uma wa chuma wa kupimia sauti, ule unaolia C. Anaugonga gotini (si kwenye meza, ukingo wa meza unauharibu), anausogeza sikioni. Kama wimbo ni wa Doh = G (yaani do yake ni G), ile C aliyoisikia anaiita fa, anashuka fa-mi-re-do, na hiyo do ndiyo mahali pa kuanzia. Kama ni Doh = F anaiita so, anashuka so-fa-mi-re-do. Watoto wanaitikia chodi ya do-mi-so-mi-do mara moja, kisha kila sauti inachukua noti yake.

Ukutani panatundikwa chati ndefu ya noti, mwalimu anapita na fimbo juu yake, darasa linaimba anapogusa. Dakika kumi kila siku asubuhi kabla ya hesabu. Chati kwanza, ishara za mkono pili, karatasi ndiyo ya mwisho. Walimu wanaoanza na karatasi wanapata watoto wanaokariri herufi bila kusikia chochote.

Kinachoharibika: kwaya inashuka. Inaanza G, inamaliza karibu na F#. Sababu kubwa ni mi na ti. Ni noti zilizobanana na jirani zao wa juu, na mtoto mchovu anaziimba chini kidogo kila akipita. Beti nne zikipita umeshapoteza nusu hatua. Dawa si kupiga kelele. Dawa ni kuimbisha kipande hicho polepole kwa sauti ndogo, midomo imefumba, mpaka ti isimame karibu na do.

#7 Shangani Kwetu
Ticha umetufungulia darasa. Ila ongeza upungufu wake: solfa inamfanya mtu awe hodari wa kuimba na mgeni mbele ya ala. Mpiga kinanda hawezi kuitegemea, maana do inahama kila wimbo, na kidole hakihami hivyo. Ndiyo maana skuli hizo zilitoa waimbaji wengi na wapigaji wachache.

#8 Fundi Vinanda
Wapigaji wachache, na vinanda vyenyewe vilikuwa vinakufa. Natia hoja yangu hapa, maana mnatafuta muuaji mkubwa, 1925, 1964, na muuaji yuko hewani.

Kinanda cha skuli ya misheni mara nyingi kilikuwa kile cha kukanyaga, harmoniamu, oktavu nne au tano. Kipo na cha kukunja, kinafungwa kama sanduku la safari, miguu inaingia ndani. Kinachotoa sauti si bomba. Ni ulimi wa shaba mwembamba unaotikisika hewa ikipita. Sasa kilete Unguja:

Mbao hunywa maji wakati wa masika. Vitufe vinavimba, vinasuguana, kimoja kinabaki chini na kulia peke yake katikati ya sala. Watu huchukua tupa na kuvisugua. Kosa. Kiangazi kikija vitufe vinasinyaa na vinacheza ovyo. Ngoja unyevu ushuke kwanza, kisha ndiyo upime.

Chumvi ya bahari inashika ndimi. Ulimi ukishika kutu ya kijani unakuwa mzito na noti inashuka. Unasafishwa kwa brashi laini, kavu. Usitie mafuta, usiukunje. Ukitaka kuipandisha noti unakwangua kidogo sana nchani mwa ulimi; ukitaka kuishusha unakwangua karibu na shina. Fundi asiyejua hukwangua popote, na ulimi uliokatika haurudi.

Mivuo ni kitambaa chenye mpira na ngozi. Panya na mende wanakila, na joto linakipasua mikunjoni. Hapo mpigaji anakanyaga kama anayekimbia na sauti haitoki. Kukibandika tumia gundi ya ngozi inayopashwa moto, kwa sababu atakayekuja baada yako atahitaji kukibandua. Gundi za kisasa za chupa zinafunga moja kwa moja, na kinanda kilichofungwa hivyo hakifunguliki bila kuvunjwa.

Kinanda kisichofunguliwa na kusafishwa kila mwaka Unguja, miaka kumi ni mingi. Anayejua kukifungua akiondoka, kinageuka meza ya kuwekea maua. Hilo halikungoja mapinduzi wala Minaki.

#9 Bi Hidaya wa Mbweni
Fundi, sikatai, lakini kwaya ya solfa haihitaji kinanda. Ticha ameshasema, uma mmoja wa chuma unatosha. Kinanda kikifa kwaya inabaki.

#10 Mizani Nane
Hodi. Nimesoma yote na naona sote tunauliza muziki ulikufaje. Mimi nauliza kama uliwahi kuota mizizi. Shida iko ndani ya nyimbo zenyewe, na ilikuwepo tangu siku ya mwanzo.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Daima, bila huruma. Tuni nyingi za kanisa la Kiingereza zinaanza na pigo jepesi na kumalizia kwa pigo zito. Chukua mstari wowote wa mizani nane, nautunga hapa hapa:

Bwana wetu tukusifu

Mkazo wake: BWAna WEtu tukuSIfu. Silabi ya 1, 3 na 7. Sasa uweke juu ya tuni ya Kiingereza ya noti nane, ambayo uzito wake uko 2, 4, 6, 8. Unapata: bwaNA weTU tuKU siFU. Mtoto anaimba lugha yake kwa lafudhi ya mgeni, na mwalimu anampongeza. Mtu aliyelelewa na shairi, na utenzi, na kasida, sikio lake linakataa hata kama hajui kwa nini.

Ziko tuni zinazotukubali. Zile za 8.7.8.7 zinazoanza na pigo zito: mstari wa kwanza wa noti nane unakaa sawasawa na mizani nane zetu, mkazo kwa mkazo. Mstari wa pili wa noti saba ndio wenye ugomvi. Ukitia maneno ya silabi saba, "tukusifu daima", noti ya mwisho nzito inaangukia "ma", na umepata daiMA.

Dawa ipo na ni nyepesi. Noti ya mwisho ya mstari huo kwa kawaida ni ndefu, mapigo mawili. Igawe. Andika silabi nane badala ya saba, "tukusifu siku zote", zile mbili za mwisho zikae kwenye ile noti iliyogawanywa: ZO kwenye pigo zito, te kwenye jepesi. Imekwisha. Na zile tuni zinazoanza na pigo jepesi, liondoe pigo hilo la mwanzo, anza moja kwa moja kwenye zito, kisha gawa noti ya mwisho. Noti nane zinabaki nane, na mkazo umerudi 1, 3, 5, 7.

Askofu Steere alikijua Kiswahili kuliko mgeni yeyote wa zama zake. Kitabu chake cha sarufi na kile cha hadithi za Unguja vyote vilitoka 1870. Lakini vitabu vya nyimbo vya makanisa yetu mpaka leo vimejaa daiMA na siFU. Muziki unaokuomba uiharibu lugha yako kila mstari haukai nje ya ukuta wa kanisa.

#11 Ticha Solfa
Mizani, umegusa donda. Ila kwa upande wa kufundisha, dawa yako ina madhara. Ukiondoa pigo jepesi la mwanzo, mpiga kinanda aliyezoea kitabu analipiga vile vile, nusu ya watoto wanaingia naye, nusu wanangoja. Lazima karatasi ya kinanda ibadilishwe pia, na hizo sauti nyingine tatu. Sauti ya nne ndiyo inayoleta tabu: noti ya mwisho ikigawanywa, besi isipogawanywa nayo wanaimba "zo" mpaka mwisho na "te" hawaifikii.

Kuhusu mkazo, waimbaji wazuri hawapigi kila pigo zito kwa nguvu. Unaweza kuimba tuni ya Kiingereza ukaufuata mkazo wa neno, tuni ikawa chini yake. Ni kazi ya mwalimu, si ya mtunzi peke yake.

#12 Mizani Nane
Kwa kwaya ya watu wazima, naam. Kwa watoto 60 wa darasa la tatu wanaopigiwa fimbo mezani? Wanafuata fimbo.

#13 Kijana wa Kikwajuni
Ahsanteni, nimeijaribu "bwaNA weTU" hapa nyumbani, kweli haikai mdomoni.

#14 Dumu la Ng'ambo
Nyote mnatafuta ndani ya kanisa. Tokeni nje jioni ya harusi. Beni, ngoma ya bendi ya mtaani! Tarumbeta, tromboni, ngoma kubwa na ndogo, akina mama nyuma wanaitikia. Ndiyo hiyo hiyo iitwayo mbwa kachoka. Huo ndio muziki wa skuli ya misheni, umevua kanzu ya kwaya ukaingia mtaani. Shangani Kwetu amesema mapema kwamba Wafaransa walikuwa watu wa shaba. Wavulana wa Bagamoyo walikuwa na bendi ya matarumbeta wakati beni bado halijazaliwa. Mombasa nako kulikuwa na Freretown ya watumwa walioachwa huru, na ni pwani ile ile ya Mombasa na Lamu ambako beni linaonekana mwishoni mwa karne ya 19, na mashindano yake ya makundi ya Kingi na Sketi. Bara yakaja ya Marini na Arinoti. Muziki haukufa, umebadilisha nguo tu.

#15 Shangani Kwetu
Dumu, polepole. Unguja palikuwa na bendi ya Sultani, na wapigaji wake walikuwa Wagoa, watu wa Goa kule India. Mtu wa Ng'ambo hakuhitaji kupanda mashua mpaka Bagamoyo kusikia tarumbeta, ilikuwa ikipigwa mbele ya jumba. Halafu wako askari: bendi za majeshi ya Mwingereza, na bara za Mjerumani. Mavazi ya beni, vyeo vyao vya kijeshi, gwaride lao, yote yanaelekeza kwa askari. Hakuna beni lililojiita "Padri".

#16 Bi Hidaya wa Mbweni
Na hao Wagoa walijifunzia wapi? Hapo ndipo utamu ulipo. Goa chini ya Wareno ilikuwa na skuli za parokia tangu karne ya 16, na humo mwalimu wa muziki alikuwa akiwafundisha watoto wadogo kusoma noti, kuimba na kupiga fidla. Ndiyo maana Mgoa alikuwa mwanamuziki wa kuajiriwa bahari nzima ya Hindi, kwenye meli, kwenye mahoteli, kwenye majumba ya wafalme. Kwa hiyo hata ukisema beni limetoka kwa bendi ya Sultani, umerudi skuli ya kanisa. Skuli ya kanisa la ng'ambo nyingine tu.

#17 Dumu la Ng'ambo
Bi Hidaya, umenipa ushindi ambao sikuuomba. Ahsante!

#18 Shangani Kwetu
Si ushindi wako. Wewe ulidai Kiungani na Bagamoyo, yeye amekupa Goa. Na skuli hiyo ya Goa haimo kwenye mada ya uzi huu.

#19 Fundi Vinanda
Kwa mtindo huo huo, na harmoniamu ya taarab ya zamani mtu atasema imetoka kanisani. La. Ile ni ya mkono, ya Kihindi, unavuta mvuo kwa kushoto na kupiga kwa kulia, imekuja na biashara ya Bombay. Ya kanisani unakanyaga kwa miguu, mikono yote miwili ni huru. Ndani zote zina ndimi za shaba, lakini njia zake za kufika hapa ni mbili tofauti. Tusiunganishe vitu kwa sababu vinafanana sauti.

#20 Stone Town Daima
Uzi wa muziki wa skuli za misheni umefika #19 na hakuna aliyemtaja Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen? Amesoma Unguja, skuli ya Kikatoliki ya masista, hii iliyoitwa Tumekuja baadaye. Huyo hapo matunda ya muziki wa misheni.

#21 Bi Hidaya wa Mbweni
Taratibu. Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa 5 Septemba 1946. Maelezo mengi ya maisha yake yanasema alianzia skuli ya wamisionari akiwa wa miaka mitano, na walimu wake walikuwa masista wa Kianglikana. Kisha, akiwa wa miaka minane hivi, akapelekwa St Peter's, Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano na kuwa na bendi ya skuli, The Hectics, 1958. Skuli ya masista wa Kikatoliki ya St Joseph inatajwa aliporudi Unguja 1963, tena kwa muda mfupi, maana 1964 familia iliondoka. Kwa hiyo zipo mbili, na watu huziunganisha kuwa moja.

#22 Stone Town Daima
Ahsante kwa ufafanuzi. Lakini masista hao wa mwanzo walimfundisha kuimba au hawakumfundisha?

#23 Ticha Solfa
Mtoto wa miaka mitano mpaka minane katika skuli ya aina ile aliimba kila asubuhi, hilo ndilo lililokuwa ratiba. Kumbuka pia kwao ni Waparsi, si Wakristo. Skuli hizo zilikuwa na watoto wa dini nyingine darasani, waliokuja kwa ajili ya Kiingereza. Panchgani nayo ilikuwa skuli ya kanisa. Lakini kumpa sifa mwalimu wa darasa la kwanza kwa koo la mtu mzima ni kumtwika mzigo mkubwa.

#24 Mpemba wa Chake
Assalaam alaykum. Pemba mmetusahau kama kawaida yenu watu wa Unguja. Banani, karibu na Chake, walikuja Wakweka (Quakers, Wakristo wa Kiingereza) 1897, mwaka ule ule sheria ya utumwa ilipofutwa, wakafungua shamba na misheni kwa walioachwa huru. Ibada ya Wakweka kwa asili yake ni kukaa kimya. Hakuna kwaya ya sauti nne, hakuna padri wa kuimba misa, hakuna kinanda cha mabomba kama cha Mkunazini. Basi tupimeni sisi: kama hoja ya Dumu ni ya kweli, beni lisingekuwepo Pemba. Na lipo.

#25 Dumu la Ng'ambo
Lipo kwa sababu limevuka na meli kutoka Unguja, Mpemba. Karafuu zilienda huku, ngoma zikaenda kule.

#26 Mpemba wa Chake
Basi limevuka kama ngoma, si kama skuli. Hiyo ndiyo hoja yangu.

#27 Mwana wa Vuga
Narudi kwenye dai langu, maana Bi Hidaya ameniita mwenye kukosea mwaka. 1964 si jina la skuli lililobadilika tu. Skuli za binafsi na za misheni zilipochukuliwa, na elimu ikatangazwa bure 23 Septemba 1964, mtoto wa kila nyumba aliingia darasani, na hilo ni jambo kubwa ambalo hakuna anayelijutia. Lakini angalieni mlolongo wa kwaya ulivyokuwa: mtoto anafundishwa solfa dakika kumi kila asubuhi skuli (Ticha, #6), Jumapili anaimba kanisani. Skuli ikitenganishwa na kanisa, hizo dakika kumi zinaondoka kwenye ratiba. Kwaya inabaki na mazoezi ya mara moja au mbili kwa wiki, watoto wanakuja hawajui kusoma, mwalimu anawaimbia mstari na wao wanaurudia. Kutoka hapo kwaya inaimba kwa kukariri. Nyimbo mpya ya sauti nne inayochukua saa moja kwa wanaosoma inachukua wiki tatu kwa wanaokariri. Kwa hiyo hawajifunzi mpya, wanarudia zile zile.

Minaki iliondoa walimu. 1964 iliondoa asubuhi.

#28 Bi Hidaya wa Mbweni
Hapo umesema kitu, na naupokea mlolongo huo. Ila bila walimu, hizo asubuhi kuanzia 1925 zilikuwa zikifundishwa na nani, na kwa kiwango gani? Kuimba kwa kukariri hakukuanza 1964.

#29 Shangani Kwetu
Nyongeza ndogo kuhusu Mkunazini, kwa wanaodhani kwaya ya watoto pale ilikuwa rahisi. Dari la kanisa lile ni la kuba ndefu, saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa. Kuta ngumu, hakuna mbao wala mazulia ya kumeza sauti. Sauti inazunguka. Ukiimba kwa mwendo wa darasani, silabi zinapandiana na maneno hayasikiki viti vya nyuma. Kwaya pale lazima iende polepole, ikate mwisho wa kila mstari mapema na kungoja mwangwi ushuke kabla ya kuanza unaofuata. Watoto waliofundishwa chini ya mwembe uwanjani wakiingizwa humo siku ya sikukuu wanakimbia, maana wanausikia mwangwi wao wenyewe wanadhani ni wenzao wametangulia. Zoezi moja ndani ya kanisa tupu na jingine watu wakiwemo, hayo ndiyo ya lazima. Kanisa likijaa mwangwi unapungua na mwendo unaweza kuongezwa kidogo.

#30 Kijana wa Kikwajuni
Fundi Vinanda, swali la pembeni. Kikundi cha beni mtaani kwetu kina tarumbeta ambayo vibonyezo vyake vinagoma kila asubuhi. Wanatia mafuta ya nazi. Ni sawa?

#31 Fundi Vinanda
Si sawa. Mafuta ya nazi yanalainisha siku hiyo, baada ya siku chache yanakuwa gundi, hasa usiku wa baridi. Vuteni vibonyezo vyote vitatu, kila kimoja na namba yake, msivichanganye kwa maana havibadilishani. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya sahani, pitisheni kitambaa laini ndani ya mirija yake, kausheni, kisha tieni mafuta membamba ya vibonyezo yanayouzwa kwa kazi hiyo, matone matatu au manne kila kimoja. Slaidi za kurekebisha sauti zitiwe grisi, si mafuta. Na kila baada ya kupiga, fungueni kitundu cha maji mtoe mate yote, kwa sababu mate pamoja na chumvi ya hewa yetu ndiyo yanayokula shaba kutoka ndani.

Kuhusu ngoma ndogo ya ngozi, masika inalegea. Msiikaze kamba mpaka mwisho wakati wa unyevu, jua likitoka ngozi itapasuka. Ipasheni karibu na moto, si juu yake, kisha kazeni nusu.

#32 Mizani Nane
Nirudi kwa Dumu kabla uzi haujaishia kwenye grisi. Madai ya beni kuwa mtoto wa skuli ya misheni yanaweza kupimwa kwa sikio. Msikilize kiitikio cha akina mama harusini. Ukiona mstari unaanzia pigo zito na kumalizia na silabi nyepesi, mkazo uko pake, basi ni shairi letu lililovishwa tarumbeta, na asili yake ni ngoma. Ukikuta kiitikio kinachoanza na pigo jepesi na kumalizia "ifu" au "ima" kwa kishindo, hapo nitakubali kuna harufu ya kwaya. Vya aina ya kwanza ni rahisi kuvipata kila wiki. Nileteeni kimoja tu cha aina ya pili.

#33 Dumu la Ng'ambo
Unapima maneno, Mizani. Mimi sijadai maneno. Nimedai tarumbeta, namna ya kupanga sauti ya juu na ya chini zikienda pamoja, na gwaride la watoto nyuma ya bendi. Sikiliza tromboni inavyoshika so na do chini wakati tarumbeta inapita juu, halafu rudi kwa Ticha #6 umuulize sauti ya nne inafanya kazi gani.

#34 Ticha Solfa
Sauti ya nne inashika so na do, ni kweli. Lakini inafanya hivyo na katika bendi ya askari, na ya Wagoa, na ya Bagamoyo. Kwa hilo peke yake huwezi kumtambua mzazi. Leteni mpangilio ambao sauti ya pili na ya tatu nazo zimo, maana hizo ndizo zilizokuwa zikifundishwa skuli na si mahali pengine. Beni ninalolijua mimi lina juu na chini, katikati ni tupu.